Maji Yenye Nilimuletea Ennie

Siku tulimuzika Ennie, mupasta alisimama pale ku makaburi ya Kabuta akasema mwanamuke huyu alikuwa mikono ya hospitali yetu. Batu balilia. Balisema juu ya aproni yake nyeupe, juu ya bioo byake bya kuangalia ugonjwa, juu ya barua ya kumusifu yenye ilitoka Lusaka. Juu ya maji hakuna mutu alifungua kinywa. Nitasema mimi, juu maji ile ilikuwa ku kichwa yangu, haikukuwa ku kichwa ya mupasta.

Ennie alikuwa bibi ya Goodson, na Goodson ni mudogo ya bwana yangu Chishimba. Njo maana aliniita yaya, dada mukubwa. Mimi nilizaliwa Kilwa, ngambo ya Kongo, Swahili niliinyonya ku maziwa. Yeye alikuwa mutoto wa hapa hapa, luga yake Bemba, Swahili aliisoma ku mukalo, pale bwato inasimama, akiuzisha samaki kwa bachuruzi ba Kongo. Aliisema sawa mutu anatembea juu ya makala ya moto. Lakini Dokotera wa hospitali, mwenye alisomea Swahili Kongo miaka kumi mbele ya kuvuka ziwa, na Bemba yake ilichekesha hata mbuzi, Dokotera alimusikilizaka Ennie. Mimi mwenye kusema vizuri alinipitaka sawa nguzo ya mulango.

Na mimi njo nilitangulia kazi. Nilikuwa nafua mashuka ya hospitali miezi mitatu mbele yake. Nilimuingiza mimi, nikamufundisha damu inatoka na maji ya baridi, juu maji ya moto inaipika mu nguo na haitoki tena. Alipiga makofi kidogo vile banawake ba huku banashukuru, akasema asante yaya. Ile makofi nilipashwa kuiogopa.

Kisha Kingsley, mwenye alikuwa anasaidia Dokotera, akaacha kazi akaenda ku migodi. Dokotera akakuya ku fasi yetu ya kufulia na sahani ya maji ya vuguvugu. Juu ya maji kulielea kipande ya buji, nta ya mushumaa, nyembamba kupita ngozi ya kitunguu. Alitaka kila mutu aingize kioo chini ya maji, ainue kipande ile bila kuikunja. Kipande yangu ilijikunja sawa shuka ya mulevi. Ya Ennie ililala sawasawa ku kioo, hakuna hata alama ya kucha. Batu balisema ni juu alizoea kupasua samaki kadogo kadogo. Na mimi, nilizoea kupasua tembo? Mikono yangu ilikuwa na sabuni siku ile. Ilikuwa na sabuni, na mpaka leo ninasema vile.

Basi akaingia mu kanyumba ka manjanja, ka mabati, nyuma ya wodi. Alipewa aproni ya mifuko mbili, bilatu byeupe bya kuvaa ku miguu, na kiti ya kukalia. Mimi nilibaki na mashuka, na nikaongezewa kumubebea maji. Ndoo tatu kila asubui, kutoka ziwa, kupita matete, kupanda kilima, kumwanga mu pipa yake. Jioni Chishimba aliketi na ndugu yake na kuchekesha batu: «Goodson alioa dokotera. Mimi nilioa ndoo.» Goodson alicheka mpaka kukohoa. Ennie hakucheka, aliangalia chini, na ile ilinichoma kupita.

Kazi yake nitaieleza, juu niliiona kwa dirisha miaka mingi. Dokotera alikata kanyama kadogo ku ngozi ya mugonjwa wa ukoma, ao ku maini ya mutu mwenye alisha kufa, kujua ni ugonjwa gani. Kanyama kale Ennie alikaweka mu formoli kasioze. Kisha mu alkoli kakauke. Kisha mu silolo, mafuta moya ya kunuka mpaka kichwa inazunguka. Kisha mu buji ya kuyeyuka, kagande kawe kagumu. Akakata na mashini ya kisu, akabandika ku kioo na weupe wa yai. Mayai ya kuku, yenye batoto bangekula, banabandikia nyama ya batu balikufa.

Nyuma ya pale njo rangi. Rangi ya kwanza ilitoka ku muti moya ya mbali, nyeusi sawa chai ya kulala, na ilipashwa kuanikwa ku jua wiki mingi mpaka ikomae. Dokotera alisema mu nyama ya kila mutu muko bitu bidogo sawa mayai ya samaki, na mu kila kamoya muko kiini. Rangi ile inashika kiini. Ukichovya kioo inatoka nyekundu ya zambarau, unaiosha mu maji dakika kumi, na pale mu maji kiini inageuka bulu. Kisha unaweka rangi ya pili, nyekundu, ya kushika nyama yenye inabaki. Bulu na nyekundu, njo vile Dokotera anasoma. Kama bulu inakosa, yote ni uji moya, hasomi kitu.

Aliita Ennie kuangalia mu mikroskopi. Alimuita siku ya kwanza, alimuita siku ya pili, kisha hata hakumuita tena, Ennie aliangalia yeye mwenyewe sawa mutu anachungulia sufuria yake. Mimi sikuitwa hata mara moya. Nilileta ndoo elfu ngapi, sijui, na hakuna mutu alisema mama Chanda, weka jicho hapa.

Mu kanyumba kale mulikuwa na sheria. Dokotera aliziweka, Ennie akazishika sawa amri za Mungu. Madirisha yote wazi, hata baridi ya mwezi wa sita, juu formoli inakula macho na kifua. Hakuna chakula ndani, hakuna kidole mu kinywa. Mikono inaoshwa na sabuni mbele ya kutoka, kila mara, hata kama anatoka paka kusalimia tu. Kisu ya mashini inalala mu sanduku yake. Na moto, hakuna. Makala, kiberiti, tumbako, yote inabaki inje, chini ya muti. Nilicheka. Nilisema na banawake benzangu: Ennie anaogopa nyumba yake kupita bibi harusi.

Sasa mwaka 1956, mvua ya kwanza, balijenga tanki ya manjanja ku kona ya wodi kushika maji ya paa. Wiki ile ile nilipiga pasi aproni yake. Pasi yetu ilikuwa ya makala, unaitia moto ndani na kuipuliza. Mvua ikaanza, nikakimbia na aproni ku mukono moya na pasi ku mukono ingine isilowe, nikaingia mu kanyumba moya kwa moya. Ennie alikuwa na bakuli ya silolo wazi ku meza.

Alisimama mpaka kiti ikaanguka. «Yaya, toka. Toka na moto yako.»

Nilisema nimeleta aproni.

«Acha aproni, toka.» Na akanisukuma. Mimi, mukubwa wake. Alinishika bega akanisukuma inje mu mvua, mbele ya bagonjwa kumi na mbili balikuwa ku benchi. Mwanaume moya wa kisiwa ya Chisenga, mwenye kidonda ku muguu, akasema leo mama mukubwa anafukuzwa sawa kuku mu jikoni. Benchi yote ikacheka.

Alikuya nyuma. Alipiga magoti mu matope, akapiga makofi, akanieleza moshi ya silolo haionekani, inatembea chini chini sawa nyoka kutafuta moto, na tungeungua sisi babili. Labda ilikuwa kweli. Nilimuacha na magoti yake pale pale, nikaenda kufua.

Asubui ilifwata nilifika njia ya ziwa, matope mpaka ku kifundo. Nikaangalia tanki pale ku kona ya wodi, hatua ishirini, imejaa, maji safi kupita macho ya mutoto. Nikajaza ndoo tatu ku tanki, nikamwanga mu pipa ya Ennie. Nani alinikataza? Hakuna mutu alisemaka bioo bya Ennie binataka maji ya ziwa. Hata Dokotera hakujua, juu mbele hakukuwa maji ingine. Na nilifurahi. Nilisema mu roho: bega yenye ulisukuma haitakubebea ziwa tena.

Mwisho ya wiki nikaona kwa dirisha Ennie anainua kioo ku mwangaza, anakishusha, anakiinua tena. Dokotera aliangalia mu mikroskopi, akapangusa miwani, akaangalia tena. Bulu ilikosa. Kiini zilibaki nyekundu mu nyama nyekundu. Ennie alisema pengine rangi ilikuwa haijakomaa, atairudisha ku jua. Sanduku ya bioo ikaenda Lusaka vile vile, kwa dokotera mukubwa mwenye alihesabu ukoma ya jimbo yote.

Sikuwa mujinga. Nilihesabu siku. Mufuaji wa nguo anajua maji sawa mwanamuke anajua mutoto wake. Nilijua ni maji, na nilifunga kinywa. Sitasema nilisahau, juu sikusahau.

Mbele ya Noeli lori ikaleta barua, na ikaleta pamoya na barua mwanaume moya anaitwa Watson. Alivaa tai mu joto ile. Barua ilisema bioo bya hospitali yetu ya Nchelenge habisomeki, na kama sanduku ya pili iko vile vile, Watson, mwenye alisoma kazi hii Copperbelt, atabaki fasi ya mwanamuke. Sanduku ilipashwa kuondoka siku ya posho, ile inatangulia siku ya Mungu. Tulikuwa siku ya pili ya kazi, Jumanne.

Watson alipima meza na kamba. Aliuliza kitanda yake itakuwa wapi. Alisema kwa sauti, batu basikie, kwamba mwanamuke anachovya kioo sawa anachovya bukari mu muchuzi. Nilicheka kupita bote. Kisha akasimama ku mulango na kutoa kiberiti kuwasha sigareti.

Ennie hata hakugeuka. «Bwana, sigareti ni inje.»

«Mama, nilifanya kazi hii miaka ine.»

«Basi unajua muti iko wapi,» akasema Ennie, na Dokotera mwenyewe akamuonyesha Watson muti na kidole. Alienda kuvutia chini ya mvua, na tai yake. Benchi ilicheka. Mimi sikucheka. Nilisikia mubaya, juu nilitaka ikuwe paka mimi njo anachukia. Kumbe alifukuza moto, hakufukuza mutu. Sikutaka kujua ile.

Siku zile ine Ennie alikonda. Alipima kila kitu, kamoya kamoya, akibadilisha kimoya na kuacha bingine byote vile bilikuwa, na kila mara alifunga uzi ya rangi ingine ku kioo asichanganye. Siku ya pili ile ile alifungua chupa mupya ya rangi. Nyekundu. Siku ya tatu alibadilisha alkoli yote. Nyekundu. Akakata nyama nyembamba zaidi, akaacha kioo mu rangi kidogo, kisha mingi. Alikausha bingine, akayeyusha buji upya, akafikiri labda formoli ilikuwa kali. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Goodson alikuya kwangu jioni, hakucheka siku ile. Alisema bibi yake hakuli, anakaa na kuhesabia ku bidole bitu byenye alisha kupima. Aliniuliza kama niliona kitu kwa dirisha. Nilisema mimi ninaangalia mashuka yangu.

Siku ya tano, ile inatangulia posho, saa ine ya asubui, nilikuwa naanika. Ennie alimaliza kioo ingine ya bure, akasimama ku beseni kuosha mikono vile sheria inasema. Nilimuona anapaka sabuni. Povu ilijaa. Ikajaa mpaka ku kiwiko, ikaanguka chini. Aliosha, na mikono ikabaki inateleza sawa samaki ya kambale, sabuni haitaki kutoka. Akasimama. Akaangalia mikono yake muda murefu. Na mimi nilijua anafikiri nini. Tulifua pamoya, mimi na yeye. Maji ya ziwa yetu inakula sabuni, unapaka mingi na povu ni kidogo. Mu maji ya mvua kapande kamoya ka sabuni kanatosha, na inateleza. Mimi njo nilimufundisha ile, mashuka ya kwanza kabisa.

Alienda ku pipa, akatoa kitambaa yenye anachujia maji. Ilikuwa safi, nyeupe. Maji ya ziwa inaacha kila siku majani ya kijani na michanga. Akaikunja, akaiweka mu mufuko wa aproni.

Alikuya mpaka ku fasi yangu. Nilishika shuka sawa ngao. Alichukua ndoo yangu, ile yenye nilikaliaka, akashuka kilima kwenda ziwa, na bilatu byake byeupe mu matope.

Alirudi na ndoo ku kichwa na maji inamwangika ku mabega. Akafunga mulango. Nyuma ya saa nzima mulango ikafunguka.

«Yaya, kuya.»

Nilisema niko na kazi.

«Weka pasi mbali, osha mikono, kuya.»

Sijui juu ya nini miguu yangu ilienda. Alinionyesha kiti yake, akasema niketi. Mikroskopi ilikuwa ya baridi ku jicho. Kwanza sikuona kitu, paka kope zangu. Akazungusha kitu kidogo, na nikaona nyekundu, nyekundu yote, sawa uji ya mutama. Kisha akatoa kioo ile, akaweka ingine.

Ilikuwa muzuri. Sitaficha. Nyekundu ilikuwa sawa ua, laini, na ndani yake bulu, tone tone tone, elfu ya tone, kila kamoya na fasi yake, sawa mayai ya samaki mu tumbo ukiipasua asubui mu jua. Ilikuwa ngozi ya mutu, na mutu ule labda alikuwa pale ku benchi. Nilitaka kuangalia tena. Nilichukia juu nilitaka.

Ennie alisema pole pole, ku sikio: «Ile ya kwanza ni maji yako ya sasa, yaya. Hii ni maji yako ya zamani.»

Nilingojea matusi. Nilikuwa na matusi yangu tayari, nilikuwa nimeyapanga tangu siku ya pasi. Lakini sauti ya Dokotera ilisha kufika ku baraza, na ya Watson. Balikuta mimi nakalia kiti. Dokotera aliangalia mu mikroskopi, akaita Watson kuangalia. Watson aliangalia na kuanza kukunja kamba yake ya kupima. Dokotera akauliza mubaya ilikuwa wapi.

Ennie alisimama na mikono nyuma. «Kosa ni yangu, Dokotera. Nilibadilisha maji, tukatumia ya tanki. Sikupima mbele. Maji ya mvua haileti bulu.»

Dokotera alikasirika. Alimusemea mbele ya Watson, mbele yangu, mbele ya benchi, kwamba mutu wa bioo habadilishi kitu bila kupima, kwamba wiki ine za bagonjwa zilienda bure, ngozi zao zilikatwa bure, na bamoya balipashwa kukatwa mara ya pili. Akamuandikisha sheria mupya ku mulango: maji ni ya ziwa. Ennie alisikiliza yote, akasema ndiyo Dokotera. Hakuniangalia hata kidogo. Nilikuwa nimekaa bado ku kiti yake, na hakuna mutu aliniuliza kitu.

Kufika jioni bioo byote bilikuwa bulu. Siku ya posho lori ikaenda na sanduku, na Watson pembeni ya sanduku. Barua ya kusifu, ile mupasta alisoma ku maziko, ilikuya nyuma.

Sasa batu banaweza kusema ulipashwa kumushukuru. Nimushukuru juu ya nini? Kama angenitaja, Dokotera angenifukuza, na ningemutukana mpaka Chisenga basikie, na tungemaliza. Angekuwa na deni yake na mimi yangu. Yeye alinyamaza, akaweka kosa yangu ku kichwa yake, akatembea nayo wima sawa ndoo. Tangu siku ile hakuniomba maji tena. Alishuka yeye mwenyewe ziwani, kila asubui, miaka kumi na moya, na mimba mara mbili, na ndoo yangu. Njia inapita ku mulango yangu. Alisimama pale, maji ku kichwa, akakunja magoti kidogo vile inafaa mbele ya mukubwa, akanisalimia na Bemba: «Mwashibukeni, yaya.» Kila asubui. Nilijaribu kuamka nyuma yake, alingojea. Nilijaribu kuamka mbele yake, nilimukuta njiani. Batu balisema ona Ennie vile anaheshimu mukubwa wake. Na mimi nilipashwa kujibu, juu batu balikuwa banasikia.

Formoli ilikausha mikono yake mpaka bidole bikakuwa bigumu na byeupe ku ncha, sawa bya mutu mwingine. Mwisho hata uzi hakuweza kuingiza mu sindano. Hakuna mutu alinishika mimi mikono vile balimushika yeye ku kitanda yake ya mwisho.

Siku tatu nyuma ya maziko Goodson alikuya. Alikuwa muzee, na fimbo. Aliweka ndoo ku mulango yangu, ile ile, chini yake ilibandikwa mara mbili. Alisema Ennie aliacha neno, ndoo ni ya yaya, irudi kwake. Nilimuuliza kama aliacha neno ingine. Goodson alifikiri, akasema hapana, paka ile.

Sikuibeba. Iko pale inje, imegeuzwa, kuku ya mutoto wangu Chanda inalala juu yake. Asubui nikifungua mulango ninaiona kwanza, mbele ya jua, na kinywa yangu inataka kujibu.